Nguzo Nayo Hubishiwa Hodi

"Waya wetu mpya umefika wapi?"

Swali hilo niliulizwa kwenye simu ya dharura mchana mmoja, na katika miaka yote niliyopanda nguzo mkoa huu wa Pwani sijawahi kuulizwa swali lililonichanganya kama lile. Siku hiyo hata simu haikuwa kazi yangu. Nilikuwa nimemshikia meza mwenzangu aliyekwenda kula. Aliyepiga alikuwa mzee mwenye adabu zake, akanisalimu, akauliza hali ya kazi, akauliza na hali ya nyumbani, ndipo akajitaja kuwa ni Mwinshehe, mwenyekiti wa kitongoji kimoja ndani ya Kisarawe. Watu wake, akasema, wamekaa tangu asubuhi wanangoja waya mpya, na jua ndiyo hilo linageuka.

"Mafundi gani waliowaahidi waya, mzee wangu?" nikamuuliza.

"Mafundi wenu, mama. Wale waliokuja kuuchukua wa zamani."

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia wasubiri kidogo, nakuja mwenyewe.

Sasa nyinyi wanangu mnaoingia kazi hii ya laini, na nyinyi wengine mnaozunguka na filimbi kulinda mitaa yenu, naona mnapita barabarani hamsalimiani, na kazi yenu ni moja. Kisa hiki ni chenu wote. Mimi naitwa Tabu. Kazini waliniita Fundi Tabu, na nikiingia kijiji kigeni nilikuwa na utani wangu: jina langu Tabu, lakini nimekuja kuiondoa. Wazee wanacheka, halafu wanachungulia nyuma yangu. "Na fundi yuko wapi?" Ndiye mimi. "Tumekuelewa mama, lakini fundi mwenyewe, wa kupanda." Basi nilikuwa sibishani. Nafunga mkanda, navaa vile viatu vyenye makucha ya chuma, jibu wanalipata nikiwa juu.

Kupanda nilifundishwa na Mzee Kondo, mtu wa Mlandizi, mfupi, mwenye sauti ya mtu anayekaribia kupiga chafya. Siku yangu ya kwanza kwenye nguzo nilikwenda moja kwa moja, nikaweka mguu nianze kupanda. Akaniita.

"Wewe Tabu, ukienda kwa mtu unaingia tu?"

"Hapana mzee, nabisha hodi."

"Na huyu je? Yeye si mwenyeji hapa?"

Akachukua nyundo yake akaigonga nguzo: chini karibu na udongo, kisha usawa wa kiuno, kisha juu pale mkono unapoishia. Akazunguka, akarudia upande wa pili. Akaniambia nisikilize. Nguzo ya mti ikiwa nzima inaitika, mlio unatoka mkavu na unapanda mpaka juu. Ikiwa imeliwa ndani inaguna tu, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Na kama huna hakika, chimbua udongo kidogo chini yake uchome na bisibisi, maana nguzo huku kwetu inaanzia kuoza pale usipopaona. Mchwa wa Kisarawe hana haraka. Anakula ndani, anakuachia ganda zuri la kutazama.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, jina namwachia, aliona mambo ya kubishia mti hodi ni ushirikina wa Mzee Kondo. Tukawa kule Ruvu, kwenye mashamba ya mpunga, laini inapita bondeni. Akapanda. Alipofika juu nguzo ikaanza kuinama, polepole, haina hata mlio. Ikainama naye, ikainama naye, ikamlaza kwenye tope kama mama anavyomlaza mtoto. Alitoka mzima, isipokuwa kofia, ile haikuonekana tena. Mzee Kondo alikuja akasimama kando ya jaruba akamwambia, "Pole. Mwenyeji alikuwa mgonjwa, na wewe hukuuliza hali." Tulicheka wiki nzima.

Turudi Kisarawe.

Nilikwenda na Dismas. Dismas alikuwa mkono wangu wa kulia, kijana wa kutoka Songea aliyeoa huku na kujenga huku, mtu mzima mwenye wanawe. Kazi anaijua, mdomo pia anao. Alikuwa anabisha hodi kwenye nguzo kwa sababu nilikuwa namtazama, na kila mara lazima atie neno. "Mama, mbona nguzo haijibu hodi?" Namwambia inajibu, wewe ndiye huisikii. "Basi siku ikijibu 'karibu' mimi naacha kazi."

Tulipofika kitongojini tuliwakuta watu wamekaa kwenye kivuli cha banda la mashine ya kusaga, wamevaa vizuri, kama wanangoja wageni wa posa. Na kuanzia kwenye transfoma mpaka zahanati, nguzo zimesimama uchi. Hakuna waya. Ule ulikuwa waya wa shaba wa zamani, mnene, mafundi wa siku hizi hamjauona ukitundikwa. Mwizi wa waya hana haja na umeme wenu. Anataka shaba, wenyewe wanaiita kopa, anakwenda kuipima kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Cha kwanza tulihakikisha transfoma imezimwa. Cha pili nikawaomba wanisimulie. Na hapo ndipo nilipotamani kucheka na kulia kwa pamoja.

Asubuhi ile umeme ulikuwa umezimwa eneo zima kwa matengenezo, na gari la matangazo lilikuwa limepita kabla kuwaambia. Kwa hiyo ilipofika pikapu yenye vijana waliovaa kofia ngumu na makoti ya kung'aa, na vitambulisho vinaning'inia shingoni, nani angeuliza? Mafundi ndio hao. Wakasema waya wenu umechoka, ndiyo maana mashine inasaga kwa kusuasua, tunautoa tuweke mpya wenye nguvu. Kitongoji kikafurahi. Mzee Mwinshehe akaita vijana waje kufyeka majani chini ya laini ili mafundi wapite vizuri. Wengine wakashika ngazi. Waya ulipoteremshwa wakasaidia kuuviringisha, wakaubeba mabegani kwa wimbo mpaka kwenye pikapu. Na Bi Mwanaidi, anayekaanga mihogo karibu na transfoma, akawapa wote chai na mihogo kwa pilipili, akakataa kulipwa. Wageni waliofanya kazi tangu asubuhi, unawatozaje?

Wakaaga kwa adabu. Wakasema waya mpya uko njiani.

Nikawaambia, jamani, hakuna waya mpya. Wale hawakuwa watu wetu. Mmeibiwa.

Mzee Mwinshehe alivua kofia yake akaitazama ndani kama kuna kitu alikiweka humo. Kisha Bi Mwanaidi akasema taratibu, "Na yule mrefu akaniomba aongezwe."

Nawaambia ukweli, niliwahurumia mno. Mganga wa zahanati ilibidi apakie chanjo zake kwenye kisanduku cha barafu azipeleke Kisarawe mjini kwa bodaboda. Akina mama wakawa wanatembea na ndoo za mahindi mpaka kijiji cha pili kusaga. Lakini kilichowachoma zaidi ni utani. Watu wa vijiji jirani walipata habari, na wakawapa jina: Wabeba Waya. Mtu wa kitongoji kile akifika mnadani anaulizwa, "Ndugu, nina mzigo wangu hapa, huna wimbo wa kuunyanyulia?" Vijana wakawa wanapigana kwa jina hilo.

Mzee Mwinshehe akaitisha mkutano wa ulinzi, akaniomba nije niwafundishe kumtambua fundi wa kweli. Nikaenda na Dismas siku ya mapumziko. Swali lilikuwa gumu kuliko lilivyoonekana. Kitambulisho? Hata wale walikuwa navyo. Sare? Makoti yale yananing'inizwa sokoni, anavaa hata muuza samaki. Gari? Letu lenyewe likiharibika tunakodi la mtu. Nikawaambia wamngoje fundi apite kwanza kwa mwenyekiti, ndiyo taratibu. Mzee mmoja akasema hata wale walipita kwa mwenyekiti, tena walimpigia shikamoo. Mwinshehe akatazama pembeni.

Ndipo Mzee Kondo akanijia kichwani, Mungu amrehemu, alikuwa ameshatangulia.

Nikasema, "Fundi wa kweli anabisha hodi."

Wakacheka. Nikawaambia sifanyi mzaha. Nikatoka nao mpaka kwenye nguzo, nikachukua nyundo, nikagonga chini, kiunoni, juu mkono unapoishia, nikazunguka. Fundi anayependa roho yake hapandi nguzo ya mti kabla hajausikia mlio wake. Mwizi ana haraka, anaegemeza ngazi anapanda. Basi nyinyi msisumbuke na kofia na makoti. Tegeni masikio. Vijana waliona kama mchezo, wakaanza kugombania nyundo. Dismas alisimama nyuma yangu akasema kwa sauti ya kusikika, "Na mkisikia nguzo imejibu, mnipigie simu, niliahidi kuacha kazi." Mkutano mzima ukacheka. Aliyekuwa hacheki ni Bi Mwanaidi. Aliomba nigonge tena, akafumba macho kusikiliza, akaomba nigonge na ile nguzo ya pili iliyoanza kuoza, apate tofauti.

Waya ukaja, tukautundika mimi na Dismas, safari hii wa aluminiamu, mwepesi, na usio na soko kama shaba. Mashine ikasaga, zahanati ikawaka. Nikadhani mambo yamekwisha.

Haya. Msimu wa mvua ukaingia, upepo ukavunja tawi la mkorosho likaangukia laini ya kitongoji kile kile. Nikatumwa na Dismas. Gari letu lilikuwa gereji, tukakodi gari dogo la mtu, halina hata nembo. Tulipofika tukazima kwenye transfoma, tukafunga ethi, ule waya wa kuteremshia umeme ardhini, nikamwambia Dismas atayarishe vifaa wakati mimi na dereva tunakwenda kuripoti kwa Mzee Mwinshehe, maana nyumba yake iko upande wa pili wa bonde. Tukaondoka na gari. Dismas akabaki peke yake chini ya nguzo, na kofia yake ngumu na koti lake la kung'aa. Yaani kofia ile ile na koti lile lile walilovaa wale wa pikapu.

Yaliyofuata niliyapata kwa vipande, kwa Dismas mwenyewe na kwa Bi Mwanaidi. Dismas aliona tawi limekaa vibaya lakini ni jepesi, laini imezimwa, kwa nini angoje? Akagonga nguzo yake, akapanda, akajifunga mkanda, akaanza kukata. Ndipo wakatokea vijana wanatoka shambani, wengi wao wa upande wa chini wa kitongoji, ambao mkutanoni hawakufika, wamebeba mashoka na mapanga ya kazi yao. Mbele yao ni Shomari, kijana wa miraba minne ambaye wakati wa mkutano wetu alikuwa vibaruani Dar. Kwa hiyo mambo ya hodi hakuyasikia. Alichokisikia ni jina la Wabeba Waya, na alikuwa ameshamng'oa mtu jino kwa ajili yake.

Akamwona mtu juu ya nguzo, uso umefichwa na kofia na majani ya lile tawi, hana gari, hana mwenzake, ana mkasi wa kukatia mkononi.

"Oya, shuka."

"Mimi fundi, kaka. Natoa hili tawi."

"Hata wale walikuwa mafundi. Shuka."

Dismas alitazama chini akaona panga na shoka, na watu wanaongezeka. Mnajua nyinyi, na mimi najua, mtu akishaitwa mwizi mbele ya kundi kinachofuata hakiulizi tena jina lake. Akasema hashuki mpaka mwenyekiti aje. Kwao hiyo ikawa ndiyo hakika. Jiwe la kwanza likapiga kofia. Shomari akasema, "Kama yeye hashuki, tutaishusha nguzo," akainua shoka akalipiga.

Niwaeleze kitu hapo, maana hamjawahi kufungwa mkanda kwenye nguzo inayokatwa, na nawaombea msifungwe. Ukiwa juu umejifunga, nguzo ikianguka huendi popote ila nayo. Ukijifungua ushuke, unashukia mikononi mwao. Dismas aliniambia alikuwa anasikia kila pigo la shoka miguuni kabla halijafika masikioni. Akawaza mtoto wake wa mwisho ambaye asubuhi alikataa uji, na yeye akamfokea.

Bi Mwanaidi alikuwa nyuma ya banda lake anamenya mihogo. Makelele alikuwa anayasikia, lakini kwanza alidhani ni ugomvi wa vijana kama kawaida. Lile pigo la shoka ndilo lililomnyanyua. Akaja na kisu chake mkononi na ganda la muhogo limemng'ang'ania kwenye kanga, akapita katikati ya watu.

"Shomari, weka shoka chini. Huyu amebisha hodi."

"Amebisha wapi, Bi Mwanaidi?"

"Hapa. Chini, na kiunoni, na juu. Kisha akazunguka. Nimekaa pale namenya, nimemsikia, na nguzo nimeisikia ikiitika. Huyu ni fundi."

Mmoja nyuma akasema, "Hata wale ulituambia mafundi. Ukawapa na chai."

Wengine wakacheka, kicheko kibaya. Bi Mwanaidi hakukasirika. Akasema, "Ndiyo. Niliwapa chai, na nikamwongeza yule mrefu. Nilipowaona kwa macho niliwaamini. Lakini wale hawakubisha. Nimelikumbuka hilo kila siku tangu mama yule alipotufundisha. Nikikaa pale nakaanga, masikio yangu yako kwenye nguzo hizi. Macho yangu yalishanidanganya, masikio bado."

Shomari akawa amesimama na shoka, hajaliweka, hajalipiga. Basi Bi Mwanaidi akageuka, akakaa chini, akaegemeza mgongo kwenye nguzo pale pale palipokwisha kukatwa, akanyoosha miguu yake mbele. Akachukua ule muhogo aliokuja nao akaendelea kuumenya.

"Kateni sasa," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyowakuta. Tulikuwa tunarudi na Mzee Mwinshehe ndani ya gari, tukaona kundi kwa mbali, na mimi nikajua kabla sijashuka. Nilifungua mlango gari bado linatembea. Sikumbuki nilipiga kelele gani, dereva alinisimulia baadaye na nikamwambia asirudie. Nakumbuka nilitazama juu nikamwona Dismas ameikumbatia ile nguzo, na nikatazama chini nikamwona yule mama anamenya muhogo, maganda yanatoka na nyama. Mzee Mwinshehe akafika akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Shomari, huyo unayemkatia nguzo ndiye aliyetuwekea waya." Shoka likaanguka lenyewe.

Dismas alishuka. Alipofika chini alishindwa kuuvua mkanda wa kiunoni, nikamfungulia mimi. Mimi nililia, wala sioni haya kuwaambia. Nililia mbele ya kitongoji kizima nikiwa na nyundo kiunoni. Bi Mwanaidi akainuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Njooni mnywe chai. Hii ni ya haki." Tukanywa. Shomari akakaa mbali, amejiinamia, mpaka Dismas mwenyewe akamwita aje, akamsogezea sahani ya mihogo. Walikula sahani moja.

Tulirudi kwa njia ya Mlandizi, Dismas kimya njia nzima, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Tulipoitokea barabara ya Morogoro ndipo akasema, "Mama."

"Naam."

"Nguzo imejibu."

Sikumkumbusha ile ahadi ya kuacha kazi. Hata mimi nina ubinadamu.

Siwezi kumaliza bila kuwaambia habari za wale wa pikapu, najua mngeniuliza. Habari za hodi zilisambaa, na zikawafikia hata wao. Wakarudi Kisarawe, kijiji kingine, wakidhani wamepata ufunguo. Wakashuka na makoti yao, na mmoja wao akaiendea nguzo kwa madaha, akainua mkono, akabisha kwa vidole. Ngo, ngo, ngo, kama anayebisha mlango wa shangazi yake. Inasemekana alitaka hata kusema "hodi" kwa mdomo. Wanawake waliokuwa kisimani walicheka mpaka ndoo zikamwagika, na vicheko vile ndivyo vilivyowaita walinzi. Shomari wakati huo ndiye alikuwa kiongozi wa ulinzi shirikishi wa pande zile zote, mwenyekiti alimpa kazi hiyo makusudi. Akafika, akawakalisha chini, hakuruhusu mtu hata mmoja awaguse kwa kidole, akasimama mbele yao yeye mwenyewe mpaka gari la polisi likafika. Mtu mmoja akauliza kama wapewe maji. Wakapewa maji. Chai, Bi Mwanaidi alisema alipopata habari, hapana.

Siku hizi mambo yamebadilika na mimi nafurahi yamebadilika. Nguzo nyingi ni za zege, ukizigonga unaumiza nyundo bure. Mnapandishwa na gari lenye kikapu, mnatengeneza waya mmesimama kama mko roshani. Mitaa ina magrupu ya simu, fundi akipiga mguu tu mtaani picha yake imeshafika kwa mwenyekiti. Vizuri sana. Lakini nawaomba mpite mkawasalimu wenye mtaa, mkajitaje, mkamwambie anayekaanga mihogo hapo kona kwamba leo mko juu ya nguzo yake. Na nyinyi walinzi, kabla ya kupiga filimbi, kamuulizeni aliyekuwa amekaa pale tangu asubuhi amesikia nini. Yule mara nyingi hamumwiti mikutanoni.

Mimi nimepumzika hapa Kibaha, si mbali na stendi ya Kwa Mathias. Nina bustani ya mchicha, nina kuku, nina magoti yanayonidai kila nguzo niliyopanda. Niko sawa kabisa. Mbele ya nyumba yangu walichomeka nguzo mpya ya zege, na Dismas, ambaye sasa ndiye msimamizi wa kikosi na mvi anazo, hapiti barabara hii bila kusimama. Kengele ya mlango ipo, mwanangu aliniwekea, ina hata muziki. Dismas haigusi. Anashusha nyundo kutoka kwenye gari, na wale vijana wapya anaowafundisha wanamtazama wakidhani mkuu wao amepigwa na jua kali, anagonga ile nguzo ya zege chini, na kiunoni, na juu mkono unapoishia. Zege haliitiki, mnajua wenyewe. Basi nainuka kitini na magoti yangu haya, nalisogelea dirisha, naijibia ile nguzo mimi.

"Karibu, Dismas. Pita ndani."